Ramadhani ya Mwonja Asali

Vijana wa ghalani mmenisumbua tangu siku ile mliponiaga kwa soda na biskuti. Mzee andika, mzee andika. Haya, nimekaa kuandika. Lakini kama mnangoja nieleze nilipandaje cheo na mwisho nilikuwa nalipwa nini, mtangoja sana, maana hayo hayana ladha na mimi kazi yangu ilikuwa ladha. Nitajibu swali moja ambalo karibu kila mgeni aliyeajiriwa pale aliniuliza, wengine kwa kunong'ona kana kwamba wamenifuma kwenye kosa: Mzee Athumani, wewe ni mwonjaji na wewe ni Mwislamu, sasa Ramadhani ulikuwa unaonjaje? Jibu fupi ni kwamba nilikuwa sionji. Jibu refu ndilo hili, na asiyelipenda aache kusoma, mimi nimeshastaafu.

Nyie mmekuta mashine. Mnadondosha tone moja kwenye kioo, mnachungulia, inawaambia asali ina maji kiasi gani. Mimi niliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini, ghala likiwa banda la bati pale Misunkumilo, Mpanda, na mashine yetu ilikuwa mdomo wa Mzee Mlela. Alikuwa Mpimbwe, Mkatoliki, mfupi, mwenye masharubu aliyoyafuta kwa kitambaa baada ya kila debe. Ushirika wetu ulipokea asali ya wafugaji nyuki kutoka Inyonga, Kasokola, Katumba na kote huko porini, na hakuna debe lililoingia stoo bila Mzee Mlela kuchovya kijiti, kuonja, na kuchora duara la chaki pembeni. Duara maana yake imepita. Msalaba maana yake irudi nyumbani. Kanuni ya ghala ilikuwa moja tu: chaki haigusi debe kabla ulimi haujagusa asali.

Siku yangu ya kwanza alinipa vitu vitatu: kisu kidogo cha kuchongea vijiti, kikombe cha maji, na kipande cha ugali baridi wa kusafishia ulimi. Akanionjesha madebe ishirini bila kusema neno. Mchana nilikuwa natapika nyuma ya banda. Akaja, akanisimamia, akasema, "Sasa tumbo limeshajua. Kesho tuanze na ulimi." Kwa miezi mingi akanifundisha: asali ya moshi inakwaruza kooni, iliyokamuliwa pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki, ina uchachu wa maziwa yaliyolala, iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega inateleza na kukimbia kinywani, na iliyochanganywa na maji ya sukari inakuwa tamu mbele halafu nyuma hakuna mtu. Alipojua kwamba nafunga Ramadhani alifikiri sana, kisha akasema, "Mimi Kwaresima naacha nyama. Asali si nyama. Mungu wangu amenihurumia kikazi."

Miaka ile ya mwanzo sikuwa na shida. Ramadhani iliangukia miezi ya masika, Machi na Februari, ambapo hakuna anayerina asali na sisi ghalani tulikuwa tunafagia tu na kuziba matundu ya panya. Lakini Ramadhani inatembea. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na mimi nilikuwa na kalenda ukutani, nikaiona inakuja. Februari ikawa Januari. Mavuno yetu madogo yalikuwa Novemba na Desemba. Wenzangu msikitini walifurahi kwamba funga inaingia kwenye mvua na ubaridi. Mimi nilihesabu nikaona kwamba mwaka tisini na nane mwezi na madebe vitagongana mlangoni kwangu. Na kufikia hapo Mzee Mlela alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao Mpimbwe kulima mpunga, na mwonjaji nilikuwa mimi peke yangu.

Nikaenda kwa Maalimu Shabani, aliyekuwa akitufundisha msikitini baada ya alasiri. Akanipa ruhusa, na ni ruhusa ya kweli, msije mkasema nimemkana. Akaniambia mtu ambaye kazi yake inamlazimu kuonja anaweza kugusisha ncha ya ulimi, akatema, akasukutua, na funga yake iko salama maadamu hajameza. Nikamshukuru. Siku ya kwanza ya Ramadhani nikaonja hivyo hivyo, ncha ya ulimi, tema, sukutua. Debe la kwanza, la pili, la tatu.

Debe la nne lilitoka Inyonga, asali nyeupe, safi, ya kumtoa mtu machozi. Na nikameza. Sikusahau kwamba nimefunga. Aliyesahau akala, Maalimu alitufundisha, huyo amelishwa na Mola wake na aendelee na funga yake. Mimi nilikumbuka vizuri kabisa. Ulimi wangu ulikuwa umeshazoea miaka saba kupokea na kumeza, haukuningoja niamue. Pale ghalani hakuna aliyeona. Mwenye asali alikuwa anafunga baiskeli yake, mpagazi alikuwa amegeuka. Nikakaa juu ya debe tupu nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona hata mbele ya mkwe wangu.

Nikajizuia kula siku ile mpaka jua likazama, na baadaye nikailipa. Lakini jioni ile niliamua jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Ruhusa ni ya wenye ulimi mtiifu. Wangu si mtiifu, mimi ndiye niliyeufundisha ukaidi huo na mimi ndiye ninayeujua. Maalimu alikuwa akisema kwamba sala watu wanaiona na sadaka watu wanaiona, ila funga ni siri ya mja na Mola wake, ndiyo maana malipo yake Mwenyezi Mungu amejiwekea Mwenyewe hakumwachia malaika. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni nikiitikia tu kwa kichwa. Siku ile niliielewa kwa sababu nilikuwa nimeiharibu siri hiyo, na waliojua tulikuwa wawili tu.

Kesho yake nikamwambia meneja wetu, Bwana Sikazwe, kwamba mpaka Idi nitapima asali bila kuonja mchana, na chaki itangoja mpaka niionje magharibi.

"Mwonjaji asiyeonja," akasema. "Athumani, wewe bwana unatutania."

"Sitanii."

"Lori la kwenda Dar linakuja wiki ijayo. Wewe kula tu, utafunga siku nyingine. Kwani Mungu wako ana haraka?"

"Mungu hana haraka, bwana meneja. Mwenye haraka ni lori."

Hakucheka. Akaniambia debe moja bovu likipita, au debe moja zuri likirudishwa kwa uzembe wangu, nitafute pa kwenda kuonja. Sikuwa na pa kwenda. Mwonjaji wa asali akifukuzwa Mpanda ataonja wapi tena, kwenye tumbaku?

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Nilijifunza kupima asali upya nikiwa na njaa, na nasema bila kupepesa macho kwamba sijawahi kuijua asali kama nilivyoijua siku zile. Pua ya mtu aliyefunga ni nyingine kabisa. Tangu saa nne asubuhi nilikuwa nasikia harufu ya mahindi ya kuchoma kutoka stesheni. Nilidondosha tone kwenye kiganja, nikalisugua mpaka likapata joto, nikanusa: moshi unajitokeza, uchachu wa majana unajitokeza. Nilinyanyua kijiti nikatazama uzi unavyoanguka. Asali iliyoiva inajikunja juu yake yenyewe kabla ya kuzama, isiyoiva inaanguka kama maji ya bomba. Niliweka sikio kwenye debe, maana asali iliyoanza kuchacha inachemka chini chini, ukinyamaza utaisikia. Siku za nyuma nilikuwa sinyamazi.

Na niliuliza. Hili nalisema kwa kujishtaki. Miaka saba nilichovya, nikaonja, nikachora, na ikiwa mbaya nilimwambia mwenyewe mbele za watu kwamba ametuletea uji. Sasa nimefunga, na funga si ya tumbo tu, ukitukana huku una njaa umebaki na njaa. Basi nikawa nauliza habari: mizinga iko upande gani, mlirina lini, masega yalikuwa yamezibwa, mlitumia moshi wa nini. Watu wakanieleza mambo ambayo ulimi wangu haukuwahi kunieleza. Mzee mmoja wa Kasokola akaniambia, "Mwaka huu umepatwa na nini? Umekuwa mtu." Nikamwambia nimefunga. Akasema basi ningefunga na mwaka jana.

Harufu ya mdomo wangu ndiyo iliyowashinda. Mpagazi alikuwa akisimama upande wa upepo. Nikamwambia Maalimu, akacheka, akanikumbusha kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu harufu ya kinywa cha aliyefunga ni nzuri kuliko miski. Nikamfikishia mpagazi habari hiyo. Akajibu kwamba yeye bado hajafika huko mbele.

Zilibaki siku chache lori lije, na jioni moja, mvua imekatika, akafika Mzee Bukuru kutoka Katumba. Alikuwa mmoja wa wakimbizi wa Kirundi waliokuja mwaka sabini na mbili, mlokole, mrefu, mikono imejaa utomvu wa tumbaku. Baiskeli ilikuwa imemfia njiani, ameisukuma kutwa. Na alikuwa na kibali cha kutoka makazi ya wakimbizi cha siku moja, kinaisha siku ile ile. Bahati yake, lori la tumbaku lilikuwa linarudi Katumba, dereva amekubali kumpakia yeye na baiskeli yake, na lilikuwa limesimama barabarani linaunguruma. Debe lake lilikuwa moja, limefungwa kwenye gunia.

Bwana Sikazwe alikuwepo. Akafungua, akachovya, akaonja yeye mwenyewe. "Chungu," akasema. "Ina moshi. Inanuka bani la kukaushia tumbaku. Rudisha."

Mzee Bukuru akanigeukia mimi. "Mwananje," akaniita kwa lugha ya kwao, yaani mwanangu, "hii asali siyo ya moshi. Mizinga yangu iko mbali na bani. Onja wewe."

Nikavua lile gunia, nikalinusa: tumbaku tupu, lilibebewa tumbaku msimu mzima. Nikalitupa nje. Nikapangusa debe kwa kitambaa kibichi, nikanawa mikono, nikachukua tone na kulisugua kiganjani. Harufu ilikuwa nzito, ya porini, ya mti ambao sikuujua. Moshi sikuusikia. Uzi ulijikunja vizuri. Lakini uchungu aliosema meneja, uchungu haunuswi. Kwa debe lile nilihitaji ulimi.

"Ngoja magharibi, mzee," nikamwambia. "Si mbali."

Lori likapiga honi. "Sina magharibi," akasema. "Nikilala Mpanda bila kibali nitalala ndani. Onja tu. Mungu atakusamehe, mimi nitakuombea."

Hapo ndipo nilipobanwa. Kumkatalia meneja kulikuwa rahisi, hata kulikuwa na raha yake. Kumkatalia mzee aliyesukuma baiskeli kutwa nzima ni jambo lingine, na nikiri kwamba kijiti kilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilitaka kuonja. Nilijiambia ncha tu, ruhusa ipo.

Redio ya Bwana Sikazwe ilikuwa inaimba ofisini. Ikakatika muziki, ikaanza adhana ya magharibi kutoka Dar es Salaam. Meneja akaruka. Akaileta ile redio, akaiweka juu ya meza ya kupimia, akaongeza sauti mpaka ikakwaruza.

"Haya! Mungu wako ameshaita. Onja tuondoke!"

Wapagazi wote walinitazama. Wageni kutoka Dar walikuwa wakifanya kosa hilo kila mwaka Mpanda, wanafuturu na redio huku jua letu bado lina karibu nusu saa juu ya miti. Sisi tuko magharibi mwa nchi, jua linazama kwao kwanza, kwetu baadaye. Nikanyoosha kijiti nje ya mlango, kule mawingu yalikopasuka.

"Hilo ni jua la Dar, bwana meneja. La Mpanda lile pale."

"Nusu saa tu, Athumani! Nusu saa nani ataiona?"

Angeniambia neno lingine lolote pengine ningelegea. Lakini hilo la nani ataona, hilo nilikuwa nalijua, nilikuwa nimelikalia juu ya debe tupu siku ya kwanza. Nikaweka kijiti chini. Nikamwuliza Mzee Bukuru maswali yangu yote: mti gani, mwezi gani, masega yalizibwa, nani alishika moto. Alijibu moja moja huku honi inalia, hakuyumba wala hakupamba. Moto alishika mwenyewe, wa nyasi mbichi, mbali, kwa sababu mkewe hapendi asali ya moshi. Nikamtazama usoni. Nikachukua chaki, nikachora duara, nikaandika herufi za jina langu chini yake.

"Nenda mzee. Imepita. Ikirudi itarudi kwangu."

Alikimbilia lori bila hata kuaga. Meneja akakaa juu ya kiti chake mlangoni, akasubiri pamoja na mimi. Hiyo nusu saa ilikuwa ndefu kuliko siku zote za funga zilizotangulia. Jua likaingia kwenye miti, likazama, na muadhini wetu asiyekuwa na kipaza sauti akaita. Sikuwa na tende. Nikapiga bismillahi, nikachovya kijiti kwenye debe la Mzee Bukuru nikafuturu nalo. Tamu, nzito, halafu mwishoni uchungu mdogo wa maua ya porini, uchungu safi usiokwaruza popote. Asali nzuri. Nililia, na sioni haya kuwaambia. Inasemwa aliyefunga ana furaha mbili, moja anapofuturu na moja siku atakapokutana na Mola wake. Ya pili bado naingoja. Ya kwanza niliipata palepale, kwenye ncha ya kijiti, mbele ya mtu aliyetaka nishindwe.

Nikampa meneja kijiti kingine. Akaonja tena, polepole safari hii, akajua. Akafuta mdomo.

"Nzuri," akasema. "Ila umechora kabla ya kuonja. Kesho utakuwa na wapagazi."

Na hapo alikuwa na haki, vijana. Kanuni ilikuwa kanuni, Mzee Mlela mwenyewe asingenitetea. Sikuomba radhi na sikuomba nirudishwe. Wakamleta mwonjaji mwingine, mimi nikabeba madebe. Mwaka mzima. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kama najuta, nikamwambia mgongo ndio unajuta. Walioniambia kwamba Mungu angenilipa kwa kunirudishia kazi niliwaambia wakae kimya. Sikufunga ili nibaki mwonjaji. Nilirudishwa baadaye kabisa, kwa sababu zao, na sitaki mtu aje aseme hiyo ndiyo ilikuwa thawabu.

Mwaka tisini na tisa Ramadhani ikaingia mapema zaidi, katikati ya mavuno hasa. Nilifunga nikibeba. Alasiri moja akaja Mzee Bukuru na madebe mawili, bila gunia. Mwonjaji mpya akaonja, akachora duara, mambo yakaisha mapema sana. Akanikuta uani, bega limelowa asali na jasho.

"Walikutoa kwa ajili ya asali yangu?"

"Hapana, mzee. Kwa ajili ya mdomo wangu."

Akasimama akiniangalia. Kisha akaegemeza baiskeli ukutani na kukaa kwenye gogo. Nilidhani anapumzika. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Alikuwa na mihogo ya kuchoma kwenye mfuko, nikaisikia harufu yake kuliko mtu yeyote pale ghalani, na hakuifungua. Nikamwambia, "Kula, mzee. Usinionee haya, wewe hujafunga."

"Nani kakwambia?"

Nikageuka kumtazama. Midomo yake ilikuwa imekauka, nikaiona vizuri sasa. Alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Katumba bila tone la maji. Redio ya ofisini ikatoa adhana ya Dar, akanitazama, nikatikisa kichwa, akatulia. Tukakaa mpaka jua letu likazama. Tukanywa maji, tukala mihogo yake kwa asali yake, naye akaomba kwa Yesu na mimi nikaomba dua yangu, kila mtu kwa sauti yake. Nikamwuliza habari za kibali, kiza kinaingia. Akasema safari hii ameomba cha siku mbili, atalala kwangu kama nina nafasi.

"Nafasi ipo," nikasema.

"Kesho nitarudi Katumba na baiskeli." Akajipangusa vidole. "Nyie mnakula saa ngapi alfajiri?"

"Mapema sana, mzee. Utakuwa umelala."

"Basi uniamshe."